Dawa Isiyopaswa Kuganda

Mwahija binti Bakari hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Alizaliwa Kilwa Kivinje, akaolewa Lindi, na kule jikoni kwake, mtaa wa Mtanda, aliwahi kumuua nyoka kwa mchi, akausuuza ule mchi, akaendelea kutwanga kisamvu. Majirani walilisimulia jambo hilo mwaka mzima. Lakini masika ya mwaka wa sabini na nne mwanamke huyohuyo alikuwa akisimama sebuleni kwake kila asubuhi, mkono uko kwenye kishikio cha friji, asithubutu kufungua.

Friji lenyewe mumewe Nassibu, karani wa bandari, alilipata kwa mpima ardhi wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuja kwa mkokoteni, watu wakilisindikiza kama harusi, likawekwa sebuleni, maana kitu kama kile nani anakificha jikoni? Lilikuwa la mlango mmoja, na ndani, juu kabisa, kulikuwa na kisanduku cha bati cha kugandishia barafu. Kwa miaka mitatu halikusumbua. Ukungu mweupe ulikuwa ukijitanda kidogo kwenye kile kisanduku, na kila baada ya miezi miwili Mwahija alilizima, akauacha uyeyuke, akapangusa, yakaisha.

Kisha akaja mama mkwe.

Bi Kidawa alikuwa mwanamke wa Kimwera kutoka Rondo, mfumaji wa vitambaa asiye na mpinzani tangu Rondo mpaka Mnazimmoja, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomharibu macho. Akawa haoni kitu isipokuwa mwanga wa dirisha. Hospitali ya mjini ikasema lazima achomwe sindano kila siku asubuhi, na kwa kuwa huko Rondo hapakuwa na mtu wa kumchoma wala mahali pa kuweka dawa, Nassibu akamleta kwake. Muuguzi alimfundisha Mwahija kuchoma kwa kutumia chungwa. Alichoma machungwa mengi wiki ile, mpaka watoto wa mtaa wakachoka kuyala.

Siku ya kukabidhiwa kichupa cha kwanza, mganga wa hospitali alimtazama Mwahija usoni. "Dawa hii inataka ubaridi," alisema, "lakini isigande. Ikiganda mara moja tu, imekufa. Hata ikiyeyuka ukaiona ni ileile, imekufa. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, bwana mganga."

Alielewa sana. Neno lile, imekufa, liliingia kichwani mwake likakaa, maana kama dawa ilikuwa na uhai wa kufa, basi uhai wenyewe ulikuwa wa mama mkwe, na mwenye kuulinda ni yeye. Na ni nani asiyejua jinsi watu wanavyomtazama mwanamke ambaye mama mkwe wake amefia mikononi mwake?

Bi Kidawa hakuwa mgumu. Alikuwa mkimya, mwenye ucheshi wa pembeni, ila alikuwa na mambo yake. Siku alipofika alilipapasa friji kutoka juu hadi chini, akauliza juu yake kuna nini. Akaambiwa hakuna kitu.

"Yaani friji la mwanangu linakaa uchi mbele ya wageni?"

Akafungua bunda lake, akatoa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye matamvua pande zote, kazi yake ya mwisho kabla macho hayajafunga kabisa. Akakitandika mwenyewe. Tangu hapo kila asubuhi baada ya sala alikifuata kwa kupapasa ukuta, akakinyoosha, akapima kwa vidole vinne jinsi matamvua yanavyoteremka mbele ya mlango, ndipo akaridhika kukaa. Wageni walikisifia na yeye aliwasikia. Katika nyumba nzima hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyeigusa.

Barafu ilianza kuzidi kabla hata mwaka haujageuka. Mwahija aliuondoa ukungu siku ya Ijumaa. Ijumaa iliyofuata ulikuwa umerudi, mnene kama godoro, umekimeza kile kisanduku na kuanza kuteremka kwenye rafu. Mashine ikawa hainyamazi. Zamani ilikuwa ikinguruma kidogo kisha ikapumzika. Sasa ilinguruma kutwa kucha, nyumba nzima imezoea sauti yake isipokuwa Mwahija. Akachukua kisu akaanza kubandua barafu, kwa hasira zaidi kuliko akili.

"Shemeji, tupa hicho kisu," akasema fundi Romani siku alipoitwa. Alikuwa Mmakonde mpole, fundi wa umeme, rafiki wa Nassibu. "Nyuma ya bati hilo kuna bomba la gesi. Ukilitoboa, friji hili utafugia kuku."

Mwahija alikiweka kisu chini. Zile siku zote alikuwa akichoma-choma pale kama anayechimba mihogo.

Romani alikuwa mtu wa adabu. Kabla hajagusa chombo chochote alikiondoa kile kitambaa, akakikunja vizuri, akamkabidhi Bi Kidawa kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Shika mali yako isije ikachafuka."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke."

Kisha akafanya kazi. Alilizima friji, akaliacha wazi mpaka barafu yote ikaanguka, akapangusa. Akauosha kwa sabuni ule mpira unaozunguka mlango. Akachukua kipande cha gazeti, akakibana mlangoni, akakivuta: hakikutoka. Akakibana juu, chini, kushoto, kulia, kote mpira ulikishika kama meno. "Mpira mzima," akasema. "Hewa ya nje haiingii. Labda mnafungua mno. Kila mkifungua, joto la masika linaingia na unyevu wake, na huo unyevu ndio unaogeuka barafu." Akapunguza kile kitufe cha baridi kidogo, akanywa chai, akaenda zake. Na kabla vikombe havijaoshwa, Bi Kidawa alikuwa ameshatandika kitambaa chake.

Mwahija akawafungia majirani friji. Hili lilikuwa jambo zito kuliko linavyosikika. Mtaa mzima ulikuwa ukiweka pale chupa za maji, na miaka ile ukimnyima mwenzio maji ya baridi ulikuwa unajitafutia jina. Balozi wa nyumba kumi alikuja mwenyewe, akakaa, akakohoa, akauliza kama ni kweli kuna mtu hapa Mtanda ameanza ubepari. Mwahija alimjibu kwa adabu kwamba ni kwa ajili ya dawa ya mgonjwa. Balozi aliondoka akitikisa kichwa. Kwa siku tatu wanawake kisimani walimjibu salamu kwa mkato. Naye alivumilia, akifungua friji mara moja tu kwa siku, upesi upesi kama mwizi.

Barafu ikarudi vilevile.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, kichupa kiligoma kutoka. Barafu ilikuwa imeteremka mpaka rafu ya pili, imekikamata mguuni. Mwahija alikibandua kwa kucha, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa jiwe.

Alikiweka kwapani. Alisimama pale sebuleni akiwa ameubana mkono, ubaridi ukimchoma ubavuni, akimsikiliza Bi Kidawa akimalizia tasbihi chumbani. Dawa ikayeyuka. Ilikuwa na chembechembe, kama maziwa yaliyokatika, lakini akikitikisa zilipungua. Kichupa kingine hakikuwapo. Kwenda hospitali kusema imeganda ni kusema mbele za watu kwamba aliambiwa na hakusikia. Nassibu alikuwa bandarini. Mwahija akawaza: huenda haijafa yote. Akachemsha sindano. Akamchoma mama mkwe wake, na Bi Kidawa akasema, kama alivyosema kila siku, "Ahsante, mwanangu."

Akaendelea kumchoma dawa hiyo siku tisa.

Siku ya tano Bi Kidawa alianza kunywa maji bila kushiba. Siku ya saba alikuwa akilala mchana kutwa. Mwahija alijua. Tusimtafutie visingizio, alijua, na kila asubuhi aliapa kwamba kesho atasema, na kila ilipofika kesho hofu ilikuwa imekua siku moja zaidi.

Siku ya tisa wifi yake Mboni alishuka na lori kutoka Rondo. Mboni, dada mkubwa wa Nassibu, alikuwa mwanamke wa jembe, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu mashambani. Aliinama kumbusu mama yake, akainuka polepole.

"Wifi, mbona mama kinywa kinanukia kama ndizi zilizopitiliza? Unampa nini?"

"Dawa yake, wifi. Kila siku."

Walimkimbiza hospitali kwa gari la bandari. Muuguzi aliuchemsha mkojo na ile dawa yao ya buluu, ukageuka rangi ya matofali: sukari imejaa. Mganga akawageukia. Nassibu alikuwapo, Mboni alikuwapo, na Bi Kidawa amelala hapo kitandani, macho yake yasiyoona yako wazi.

"Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji," alisema Mwahija.

"Haijapata kuganda?"

Swali lilikuwa jepesi, la jibu la neno moja. Mwahija alimtazama Mboni, akamtazama mumewe, akajisikia anasema, "Haijaganda."

Mganga alikuna kichwa. Akasema basi labda dawa ile ilikuwa dhaifu tangu ilikotoka. Walimlaza siku mbili wakimchoma kutoka kwenye kichupa kipya, naye akaanza kurudi duniani. Kisha wakapewa kichupa hichohicho kwenda nacho nyumbani. "Muwe na uangalifu," mganga alisema. "Barabara imekatika Rufiji kwa mafuriko. Hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo mpaka meli ije, na meli si chini ya wiki tatu."

Nje Mboni alimshika Nassibu mkono. Hakuteremsha sauti. "Ndugu yangu, mimi nakaa hapa niangalie. Nikiona mama anarudi tena alikotoka, namchukua Rondo. Akafe kwa miti shamba ya kwao, kuliko kufa kwa sindano za hapa."

Mwahija aliyasikia. Alijua kwamba Rondo, bila sindano, maana yake ni siku kumi za kuishi, pengine chini. Kwa hiyo mambo yote sasa yalikuwa ndani ya kile kichupa kimoja: kikiganda, mama atakufa, ama Mtanda ama Rondo, na aliyemuua atakuwa yeye.

Romani aliitwa tena. Akafanya yaleyale: akakunja kitambaa, akamkuta Bi Kidawa yuko kitandani, akakiweka karibu na mto wake. Akayeyusha, akaosha mpira, akavuta gazeti. Halikutoka. "Shemeji, nimeishiwa," alikiri. "Likirudia, mimi sina tena la kufanya."

Kesho yake Mwahija alifungua friji akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, bati lilikuwa safi. Siku ya pili, safi. Siku ya tatu mashine ilinguruma, ikanyamaza, akasimama kuusikiliza ule ukimya kama mtu anayesikiliza habari njema asiyeziamini. Siku ya nne kulikuwa na umande tu. Nassibu alimsifu Romani mtaa mzima. Bi Kidawa alianza kukaa, akala uji wa mtama, akataniana na Mboni juu ya mume wa Mboni. Mwahija alilala usingizi wa kwanza tangu mwezi ule uanze.

Siku ya tano Bi Kidawa aliamka kwa nguvu zake, akasali, akachukua kitambaa chake karibu na mto, akapapasa ukuta mpaka sebuleni. Akakitandika. Akapima vidole vinne. "Haya," alisema, "sasa na mimi nimepona."

Siku ya sita Mwahija alifungua, akaona juu ya kisanduku, pembeni kulia, weupe mwembamba kama chumvi iliyomwagika. Siku ya saba ulikuwa umenenepa.

Mwahija alishuka akakaa sakafuni mbele ya friji lililo wazi, kichupa kimekumbatiwa kifuani, akiisikia sauti ya Mboni uani, karibu kabisa. Alitaka kulia na hakuthubutu, kwa sababu angesikika. Akiwa amekaa pale chini, ameinua uso, ndipo akaona kitu ambacho mtu aliyesimama hakioni. Kwenye kona ya juu, upande wa bawaba, upande ambao hakuna anayetazama kwa kuwa macho yote yako kwenye kishikio, matamvua matatu ya kile kitambaa yalikuwa yameingia ndani ya mlango. Yalikuwa yamelowa. Moja lilikuwa limekakamaa kwa barafu. Na pale yalipolala, ule mpira ulikuwa na alama, mahali padogo palipoinuka, nafasi ya hewa kupita usiku na mchana.

Alikumbuka mikono miwili ya Romani ikikikunja kitambaa. Kila alipokuja kupima, adabu yake ilikuwa inaondoa ugonjwa kwanza, kisha anautafuta.

Angefurahi, lakini hofu ilibadilika tu sura. Amwambie nani? Amwambie kipofu kwamba kazi ya mwisho ya macho yake ndiyo iliyoigandisha dawa yake? Na mbele ya Mboni? Akisema kitambaa kiligandisha dawa, atakuwa amesema dawa iliganda. Na yeye alishasema haikuganda.

Kwa hiyo akafanya alilofanya. Aliyachomeka matamvua ya mbele chini ya kitambaa, yakae juu, yasiteremke. Asubuhi iliyofuata vidole vya Bi Kidawa viliyatafuta, vikayakuta, vikayateremsha. Mwahija akayakunja tena. Bi Kidawa akayateremsha tena. Siku ya tatu ya mchezo huo, watu wote wakiwa sebuleni, Nassibu akifunga viatu vya kwendea kazini na Mboni akichambua mchele kwenye ungo, Bi Kidawa alisimama mbele ya friji, akageuza uso.

"Nani anakunja kitambaa changu?"

Mboni aliacha kuchambua. "Wifi ndiye anayeshughulika na hilo friji, mama. Sisi haturuhusiwi."

"Mwahija?"

Kichupa kilikuwa kimebaki nusu. Ndani, barafu ilikuwa imefika ukingo wa rafu ya kwanza. Mwahija alikuwa ameiona alfajiri ile. Siku mbili, labda tatu, ingekifikia kichupa. Angeweza kusema anakikunja kisichafuke. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Ni mimi, mama," alisema. "Kinaingia mlangoni. Hapo kwenye bawaba, pasipoonekana. Kinaacha nafasi, hewa inaingia, ndiyo inayoleta barafu." Alimsogelea hatua moja. "Na ile dawa iliganda. Ile ya kwanza. Mganga aliniuliza nikasema haikuganda. Iliganda, nikaiyeyusha, nikakuchoma siku tisa."

Nassibu alibaki na kamba ya kiatu mkononi. Ungo wa Mboni ulienda chini, mchele ukatapakaa.

"Nilisema mimi," Mboni alianza, "nilisema huyu mwanamke—"

"Mboni, nyamaza."

Bi Kidawa hakusema kwa nguvu. Alinyoosha mkono. "Nipeleke hapo unapopasema."

Mwahija alimshika kiganja, akakiongoza juu ya mlango mpaka kwenye bawaba. Vidole vile, vilivyokuwa vinajua kila fundo la kitambaa kile, viliteremka tamvua kwa tamvua vikafika kwenye yale matatu. Vikasimama. Alilisugua lile lililokakamaa mpaka barafu ikayeyuka, maji yakamtiririkia kwenye kifundo cha mkono. Hakuna aliyejua anawaza nini. Mtu asiyeona hatoi siri kwa macho.

Kisha akakivuta kitambaa, akakikunja mara nne, akambwagia Mboni mapajani.

"Siku ile ya kwanza," akamwuliza Mwahija, "ulijua imekufa?"

"Nilijua, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakuogopa. Nilikuogopa wewe, nikamwogopa wifi, nikawaogopa watu. Niliogopa utakufa, na niliogopa watasema ni mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Na ni mimi kweli."

Uani kuku walikuwa wakiparurana. Bi Kidawa alipapasa ukuta akafika kwenye kiti chake, akakaa, akapanga khanga yake magotini.

"Mama, jiandae twende Rondo," alisema Mboni. "Leo hii hii."

"Rondo kuna nini?" aliuliza Bi Kidawa. "Washa moto, Mboni. Chemsha sindano, saa imepita."

Mboni alitazama, akainuka, akaenda jikoni akikanyaga mchele.

Sindano ilipoletwa, Bi Kidawa alikunja mwenyewe mkono wa gauni mpaka begani, akaugeuzia upande wa Mwahija, akangoja. Mwahija alivuta dawa, akahesabu vistari mara mbili. Akamchoma, akakirudisha kichupa kwenye friji, akaufunga mlango.